Naishi na familia nzuri Ujerumani, lakini mezani sielewi kitu. Nifanyeje?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 21, natokea Moshi. Tangu Septemba nipo Ujerumani kama au pair, yaani naishi na familia na kuwasaidia watoto na kazi za nyumbani, kwenye mji mdogo karibu na Reutlingen. Familia ni watu wema mno. Walinipokea uwanja wa ndege na maua, wakaninunulia koti la baridi, wakanipa baiskeli, na mtoto mdogo akanichorea picha ya kubandika mlangoni. Tatizo ni mimi. Nyumbani nilifaulu A1, kiwango cha kwanza cha Kijerumani, kwa alama nzuri, lakini hapa wakikaa mezani wakaanza kuongea, sishiki kitu. Wakicheka nacheka. Wakiniuliza nasema 'ja', ndiyo. Wiki iliyopita mama aliniambia jambo kuhusu mashine ya kufulia, nikasema 'ja', nikaiwasha, kumbe alikuwa ananikataza. Sweta lake la sufi likatoka limesinyaa. Hakunigombeza, alinyamaza tu, na kimya chake kiliniuma kuliko angenifokea. Siku hizi baba ananisemesha kwa Kiingereza, na Kiingereza changu chenyewe ni cha kuungaunga. Watoto, wa miaka 4 na 7, wananicheka nikitamka vibaya. Nikimaliza kazi najifungia chumbani. Rafiki yangu aliyewahi kuja huku aliniambia miezi mitatu ikipita lugha itaingia yenyewe. Inakaribia kutimia na sioni dalili. Je, nina akili nzito? Niwaambie watafute mwingine kabla hawajanichoka?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mwisho wa barua yako, maana nahisi ndiko usingizi wako unakoishia. Hapana, huna akili nzito. Na kwa haya uliyonieleza, sioni sababu ya kuwaambia watafute mwingine. Kila mwaka nawasikia vijana kutoka Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa wakisema karibu maneno haya haya, na wengi wao walifaulu A1 vizuri kama wewe.

Ninachoona ni mambo mawili yaliyoshikamana. La kwanza ni sikio ambalo bado halijakizoea Kijerumani cha nyumbani kwa watu. Hilo ni la kawaida na lina dawa. La pili ni hiyo "ja" yako. Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa hiyo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Tuanze na cheti chako. Orodha ya maneno ya mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, ina maneno kama 650. Ya B1, ngazi mbili juu yake, ina kama 2,400. Kufuata maongezi ya familia bila kujikaza kunahitaji maneno elfu kadhaa, tena uyatambue papo hapo bila kuyatafuta kichwani. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha vigezo vya viwango vya lugha ambavyo mitihani hii yote inavifuata. Humo mtu wa A1 anaelezwa kuwa anaweza kuwasiliana kwa njia rahisi iwapo anayezungumza naye anasema polepole, kwa uwazi, na yuko tayari kumsaidia. Rudia kuisoma sehemu ya mwisho. Msaada wa anayezungumza nawe umo ndani ya kiwango chenyewe. Cheti chako hakikuahidi popote kwamba utawafuata watu wanne wanaokatizana maneno huku wakipitishiana bakuli la saladi. Unajilaumu kwa kushindwa mtihani ambao hakuna aliyekutahini.

Sasa kwa nini darasani ulielewa na mezani huelewi? Darasani mwalimu alisema sentensi moja, akanyamaza, akakutazama. Mada ulikuwa unaijua tangu asubuhi, iliandikwa juu ya ukurasa. Mezani hakuna anayetangaza mada, na inabadilika kabla hujaikamata ya kwanza. Watu wazima wanamalizia sentensi za watoto, watoto wanadakia za wazazi, vijiko vinagonga sahani. Kwa mgeni wa lugha yoyote, meza ya chakula ya familia ni mahali pagumu kuliko benki, stesheni ya treni au hata ofisi ya wahamiaji, maana kule angalau unajua umefuata nini.

Kuna na jambo la Kijerumani chenyewe ambalo walimu wengi hawalielezi vya kutosha kwa wanafunzi wa Kiswahili. Lugha yetu inatoa habari mapema. Ukisikia "hatuta-", kabla neno halijaisha umeshajua ni sisi, ni wakati ujao, na jambo halitakuwepo. Ukisikia "usi-", mkono unasita hapo hapo. Sikio lako limelelewa hivyo tangu utotoni: likishika mwanzo wa kitenzi, limeshika kiini. Kijerumani mara nyingi hukiweka kiini mwishoni. Sitashangaa kama mama wa nyumba alikwambia kitu cha namna hii: *Die Waschmaschine machst du heute bitte nicht an, gell?*, mashine ya kufulia usiiwashe leo tafadhali, sawa? Angalia mpangilio wake. Imetajwa mashine ya kufulia, ikaja "unafanya wewe", ikaja "leo", ikaja "tafadhali", na neno la kukataza, *nicht*, limekuja karibu na mwisho, fupi, limebanwa katikati ya mengine. Kufikia hapo kichwa chako kilikuwa kimeshakamilisha sentensi kwa utaratibu wa nyumbani: ameniomba niwashe mashine. Hukuwa mzembe. Ulisikiliza Kijerumani kwa sikio la Kiswahili, na kila mmoja wetu huanzia hapo.

Dawa yake ni kujizoeza kusubiri mwisho. Chukua sentensi za namna hiyo uzisikilize nyingi, ukijilazimisha kutoamua chochote hadi msemaji ameshusha sauti. Vitenzi vinavyokatika vipande viwili, kama *abholen*, kumchukua mtu mahali, au *anmachen*, kuwasha, vifanyie mazoezi ndani ya sentensi nzima, kamwe si katika orodha. *Ich hole die Kleine um drei Uhr ab*, namchukua mdogo saa tisa. Isome kwa sauti hadi sikio lianze kukingoja hicho kipande cha mwisho lenyewe.

Juu ya yote hayo, uko Schwaben, eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani. Huenda hakuna aliyekwambia kabla hujapanda ndege kwamba watu wa huko wana lahaja yao na wanaipenda. Wewe ulijifunza *nicht*, wao wanasema *net*. Ulijifunza *ein bisschen*, kidogo, wao *a bissle*. Hata maneno unayoyajua yanaweza kuwa na maana nyingine: Mswabia akikwambia *heb mal*, anataka ukishike kitu, wala si ukinyanyue kama ulivyosoma kitabuni. Kwa hiyo usione aibu hata kidogo kuwaomba waseme Kijerumani sanifu. Mwaka 1999 jimbo hilo, Baden-Württemberg, lilianza kujitangaza Ujerumani nzima kwa kaulimbiu isemayo kwamba wao wanaweza kila kitu, isipokuwa Kijerumani sanifu. Walichekelea wenyewe na waliibandika kwenye mabango kwa miaka. Siku utakayosema kwa upole *Kannst du bitte Hochdeutsch sprechen?* watatabasamu, maana hata Mjerumani kutoka Hamburg huwaomba vivyo hivyo.

Rafiki yako aliyekuahidi miezi mitatu alikutakia mema, ila ahadi yake imewaumiza wengi. Mtu akiishaamini kwamba lugha huingia yenyewe, isipoingia anahitimisha kuwa kasoro iko kwake. Ukweli uko nusu kwa nusu. Stephen Krashen, mtaalamu wa Marekani aliyeandika sana miaka ya 1970 na 1980, alisisitiza kuwa lugha hujengeka kwa kusikia mambo tunayoyaelewa, yaliyotuzidi kidogo tu. Zingatia neno "tunayoyaelewa". Kijerumani kinachopita juu ya kichwa chako mezani jioni nzima hakikujengi sana, hata ukikisikia mwaka mzima. Alisema pia kwamba wanaojifunza lugha ya pili mara nyingi hupita kipindi cha kimya kabla ya kuanza kuongea, na kwamba hofu hulizuia hata lile ambalo lingeingia. Hapo kuna faraja kwako.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Mwaka 1965, huko St. Lambert nchini Kanada, watoto wa familia za Kiingereza walianza kufundishwa masomo yao kwa Kifaransa, na utaratibu huo ukaenea nchini. Merrill Swain, mtaalamu wa lugha wa Kanada, alipowachunguza watoto wa namna hiyo, aliandika mwaka 1985 kwamba baada ya miaka wakisikia Kifaransa kila siku walikielewa karibu sawa na wenyewe, ila walipoongea na kuandika walibaki nyuma sana. Hawakuwa wakisukumwa vya kutosha kutunga sentensi zao. Kwa hiyo wewe unahitaji vitu viwili ambavyo hiyo miezi mitatu haikukuletea: Kijerumani kilichopunguzwa hadi ukielewe, na nafasi ya kusema chako hata kikiwa kibovu. Vyote viwili viko mikononi mwa watu unaoishi nao. Wako tayari kukupa. Hawajui tu kwamba unavihitaji, kwa sababu ukiulizwa unasema "ja".

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana najua hiyo "ja" inatoka wapi. Umelelewa kwamba mgeni hasumbui. Mkubwa akisema, unaitikia. Kumwambia mama wa watu "sikuelewa" mara tatu mfululizo kunaonekana kama kumchosha, au kama kumwambia kuwa hajui kusema. Tena hawa wamekununulia koti, wamekupa baiskeli. Unataka kuwalipa wema kwa kuwa mtoto asiye na shida. Ni adabu nzuri na sikuombi uitupe. Ila huko uliko inasomwa vingine. Mjerumani akisikia "ja" anaihesabu kuwa ni makubaliano: umesikia, umeelewa, utafanya. Kisipofanyika, hatafikiri kwamba lugha imekukwaza. Atajiuliza kama hukujali, au kama kuna jambo hulipendi nyumbani kwake. Vivyo hivyo ukimya wako. Kwetu kijana mkimya mbele ya wakubwa anasifiwa. Kwao anayenyamaza mezani na kujifungia chumbani hudhaniwa kuwa hana furaha, na wenyeji wema huanza kujilaumu. Kimya cha mama baada ya lile sweta sikisomi kama hasira. Nakisoma kama mtu asiyejua aanzie wapi na binti anayesema ndiyo kwa kila kitu.

Wazee wetu wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lako huko ni kuwaonyesha ulipokwama. Wema wao kwa sasa unamwagika pembeni: wanakununulia vitu, wanakuonea huruma, wanahamia Kiingereza, wakati ungeweza kuelekezwa pale pale panapouma.

Basi fanya hivi. Acha "ja" ya peke yake kwa wiki mbili. Ukipewa agizo, lirudishe kwa maneno yako: *Also, ich hole die Kleine um drei ab?* Ukiwa umekosea utarekebishwa papo hapo, kabla sweta halijasinyaa. Ukiwa umepatia, umejizoeza kusema sentensi nzima. Na pale ambapo umeshika nusu, taja hiyo nusu: *Ich habe nur "Waschmaschine" verstanden.* Nimeshika "mashine ya kufulia" tu. Hii inazidi kwa mbali *Wie bitte?*, kwa sababu ukisema "samahani?" utarudishiwa sentensi ile ile, labda kwa sauti kubwa zaidi. Ukitaja ulichoshika, mwenzako anajua akujazie nini. Katika mambo yote niliyoyaandika humu, ungechukua hili moja ningeridhika.

Kabla ya kuanza, kaa na wazazi wa nyumba hiyo mara moja, watoto wakishalala, uwaambie ukweli. Tumia Kiingereza chako cha kuungaunga, au andika kwanza na mtafsiri wa simu. Waambie unafurahi nyumbani kwao. Waambie umekuwa ukisema "ja" hata usipoelewa kwa sababu kwenu ndiyo heshima, na kwamba sasa utakuwa unarudia maagizo. Waombe waseme polepole lakini kwa sentensi kamili, maana wengine wakitaka kumsaidia mgeni huvunja lugha yao wenyewe, wakasema "wewe kesho mtoto shule", na mtu hajifunzi kitu humo. Omba pia robo saa kila siku na mmoja wao tu, mkikata mboga au mkiwa garini. Maongezi ya watu wawili ndiyo mahali utakapokua. Mezani patakuja baadaye, na kwa sasa jiwekee lengo dogo: andaa sentensi mbili za kusimulia siku yako kabla hujakaa, na umuulize aliye jirani yako *Worum geht es?*, tunaongelea nini? Ukishaijua mada, maneno mengi yanaanza kujitenga yenyewe.

Kuhusu kumwita mama wa nyumba: kama alishakuomba umwite kwa jina lake na umwambie *du*, ile "wewe" ya watu waliozoeana, mwite hivyo. Najua mdomo unakuwa mzito. Kwao si utovu wa adabu, na kumzunguka mtu ukisubiri akutazame ndipo useme kunamchosha zaidi.

Kiingereza cha baba nakipima hivi. Kina faida ya kweli mwanzoni, kwa sababu kinajenga kuaminiana, na mambo mazito hayapaswi kusubiri sarufi. Hatari ni kwamba lugha ambayo watu wawili wameanza kuongelea huwa ngumu kuibadilisha. Miezi sita ikipita mtajikuta mnaishi kwa Kiingereza, na wewe utarudi nyumbani, au utaomba nafasi ya mafunzo huko, bila Kijerumani ulichokifuata. Vijana wengi hutaka kuendelea na mwaka wa kujitolea au mafunzo ya uuguzi, na huko B1 au B2 huulizwa. Ushauri wangu ni kugawa. Kijerumani kiwe lugha ya siku: chakula, nguo, ratiba, hadithi, utani. Kiingereza kibaki kwa yale ambayo kukisia ni hatari. Dawa za watoto na vipimo vyake. Chakula ambacho mtoto hapaswi kula. Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto chekechea. Hayo uandikiwe, uyasome tena mbele ya mzazi, na karatasi ibandikwe jikoni. Hakikisha pia unaweza kusema anwani ya nyumba hiyo kwa Kijerumani kwenye simu bila kusita, kwa sababu siku ya dharura utapiga 112 kwa gari la wagonjwa au zimamoto, 110 kwa polisi, na kitu cha kwanza utakachoulizwa ni uko wapi.

Mtafsiri wa simu ni msaada kwa neno moja moja na kwa maandishi. Ila usimwamini sana kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili katika jambo lenye madhara. Jaribu pia Kijerumani kwenda Kiingereza ulinganishe. Na asikae mezani. Mkishaanza kupitishiana simu badala ya maneno, mazungumzo yanakufa.

Sasa watoto. Mtoto wa miaka 4 anacheka kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwake amemkuta mtu mzima asiyejua kitu anachokijua yeye. Kwake ni maajabu, hakudharau. Mpe kazi. Muulize *Wie heißt das?*, hiki kinaitwaje?, huku unaonyesha vitu, arudie, urudie, acheke, urudie tena. Atakusahihisha mara ishirini bila kuchoka, jambo ambalo mtu mzima hawezi. Vitabu vyake vya picha ni hazina: sentensi fupi, picha inayoeleza, na yeye mwenyewe atataka kile kile kila usiku hadi utakijua kwa moyo. Yule wa miaka 7 ndio kwanza anajifunza kusoma. Mwombe akusomee kwa sauti. Yeye anapata msikilizaji mvumilivu, wewe unapata Kijerumani cha polepole, na wazazi wataiona faida yako bila wewe kuitaja. Kicheko kikivuka mpaka, kama vile kukuiga mbele ya wageni au kukuambia neno baya, mweleze mzazi siku hiyo hiyo. Wajerumani wengi hawalichukulii hilo kwa wepesi.

Kujifungia chumbani nako si dhambi. Kusikiliza lugha ngeni kutwa nzima ni kazi, na jioni kichwa huwa kimechoka kwelikweli. Usingizi nao una sehemu yake, maana tunapolala ndipo mengi tuliyojifunza mchana hushika. Tofauti iko kwenye kuaga. Ukisema *Ich bin müde vom vielen Deutsch, ich ruhe mich aus*, nimechoka na Kijerumani kingi, napumzika, hakuna atakayekufikiria vibaya. Ukitoweka bila neno, watajiuliza wamekukosea nini. Piga simu nyumbani, ongea Kiswahili, ucheke na dada zako. Hiyo ni pumzi yako. Ila zisipite jioni zote saba za wiki humo. Na ujue kwamba mwezi Desemba huko jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Wengi waliokulia karibu na ikweta hawakuwahi kuona giza la namna hiyo, nalo huivuta roho chini hata mambo yakiwa mazuri. Toka nje mchana kila siku, hata kama ni nusu saa tu na mvua inanyesha.

Je, ubaki au uondoke? Kwa haya uliyoandika, ningebaki. Familia inayokuja na maua na kukaa kimya baada ya sweta kuharibika ni familia ya kufanya nayo kazi. Nakupa hadi Februari. Kama kufikia hapo umekuwa ukirudia maagizo, umehudhuria darasa, nao wamejaribu kupunguza mwendo, na bado kila siku ni mzigo kwenu nyote, basi kubadilisha familia kunawezekana na si aibu. Huanzia kwa wakala aliyekupeleka, na lazima ofisi ya wahamiaji ijulishwe, kwa kuwa kibali chako kimefungwa na mpango huo. Usihame kimyakimya kwenda kwa ndugu au rafiki wa Berlin.

Tenganisha pia shida ya lugha na shida ya haki, kwa sababu nimeona vijana wakivumilia la pili wakidhani ni la kwanza. Kwa utaratibu wa Ujerumani, kazi ya au pair haizidi saa 30 kwa wiki wala saa 6 kwa siku. Una haki ya siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, wiki nne za likizo kwa mwaka mzima, chumba chako, bima inayolipwa na familia, posho ya euro 280 kwa mwezi, na mchango wa hadi euro 70 kwa mwezi kwa ajili ya kozi ya lugha. Barua yako hainionyeshi kwamba unanyimwa chochote katika haya, isipokuwa hukutaja darasa hata mara moja, na hilo limenishtua kidogo. Ikiwa siku moja posho itazuiwa, saa zitavuka mpaka, au mtu atakushikia pasipoti, usiseme "labda sikuelewa vizuri". Wasiliana na wakala. Asipokusaidia, mashirika ya Kikristo ya kusaidia vijana, VIJ na IN VIA, hushauri au pair. Na kwa mwanamke yeyote anayetishwa, kupigwa au kuguswa asivyotaka, namba 116 016 hupokelewa saa 24 bila malipo, kwa lugha nyingi, Kiingereza kikiwemo.

Yapo mambo mawili ambayo barua haiwezi kuyatibu. Kama wiki zinapita hulali, huli, unalia kila siku, au umeanza kufikiri kwamba bora usiwepo, mwambie mama wa nyumba leo hii, kwa Kiingereza kibovu au kwa kumwonyesha maandishi haya, akupeleke kwa daktari. Bima yako ipo kwa ajili hiyo. Likizidi usiku, ni 112. La pili ni dogo lakini huwa linasahaulika: kama hata kwa Kiswahili ulikuwa unapata shida kusikia watu kwenye kelele, omba upimwe masikio. Kuna vijana wanaopambana na lugha kumbe sikio moja halisikii vizuri.

Kuhusu darasa, usisubiri. Karibu kila mji wa Ujerumani una Volkshochschule, chuo cha jamii cha watu wazima, na ada zake ni nafuu kuliko shule za binafsi. Nenda na mama wa nyumba, omba jaribio la kukupangia kiwango, na usione vibaya wakikurudisha sehemu ya pili ya A1. Wanapima kile unachoweza kutumia, si cheti. Vyuo vingi vya aina hiyo huanza muhula mpya Februari au Machi, na madarasa ya wanaoanza hujaa mapema, kwa hiyo kaulize wiki hii kama kuna nafasi iliyobaki sasa hivi. Chagua saa ambazo watoto wako shuleni na chekechea, na mpelekee baba ratiba iliyoandikwa, ili ile euro 70 ianze kulipwa mwezi huo huo.